Bi Mwanvita Kobelo na Birika la Kuagia

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa za kazi zitakapokwisha, Bi Mwanvita Salumu Kobelo atafunga mlango wa Ofisi ya Lishe hapa Kituo cha Afya Mkumbulu na kumkabidhi mwingine ufunguo ahangaike nao. Ameutumikia umma kwa miaka thelathini na minne. Ufunguo huo amekuwa akiuingiza kitasani kila asubuhi, na kila asubuhi umegonga pembeni, juu, chini na pembeni tena kabla haujapata tundu, hivi kwamba kitasa chetu kina mikwaruzo kama uso wa mtu aliyegombana na paka. Naandika hayo bila woga kwa kuwa nina kibali.

Kibali chenyewe ni utani. Ukoo wa Bi Mwanvita na ukoo wangu ni watani, na hapa Uluguru mtani ana haki ya kukucheka hata msibani kwako, sembuse kwenye sherehe yako ya kustaafu. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, wenzangu walikwepa wakisema hawajui waanzie wapi. Mimi nilijua siku ile ile kwamba nitaanzia mkononi. Lakini adabu kwanza, tupitie kazi.

Bi Mwanvita alizaliwa huku huku milimani, juu ya Matombo, kwenye kijiji ambacho barabara yake ilikwishakata tamaa. Alisomea lishe, akaajiriwa mwaka 1991 na kupangiwa Turiani, kwenye miwa na mpunga, mahali pa tambarare ambapo mtu anaweza kutembea bila kuhema. Hakupapenda. Alipoomba kurudi, wenzake walimwonya kuhusu mvua, matope na mshahara unaochelewa kupanda mlima. Akawajibu kwamba mwenda kwao si mtumwa, akapanda lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu, akafika Mkumbulu amekaa juu ya majani ya mgomba kama bibi harusi.

Hapa ndipo alipoanzisha jiko darasa, ambako akina mama walijifunza kupika uji wa watoto kwa vitu vya shambani mwao wenyewe. Leo kuna watu wazima wenye ndevu katika vijiji vya huku ambao uji wao wa kwanza wa lishe waliupata mkononi mwake. Wengi waliuonja kwanza shavuni, maana kijiko kilikuwa kinapitia huko, na bado walinenepa. Siku zile tulimwita Mama Lishe, mpaka wageni kutoka mjini wakawa wanafika mlangoni kwake na kuagiza wali maharage. Mmoja alikaa akisubiri kuku mpaka mchana ukaisha, akaondoka na somo la makundi ya vyakula. Baada ya huyo tukakubaliana aitwe Bi Lishe.

Haya, sasa mkono.

Mikono ya Bi Mwanvita hutetemeka. Ikipumzika mapajani imetulia tuli, lakini ipe kazi tu, kunyanyua kikombe, kutia saini, kupokea salamu, na ngoma inaanza. Mgeni mmoja mkubwa kutoka wilayani alipewa mkono huo siku ya ukaguzi, akatikiswa mpaka begani, akaguswa moyo kabisa. Alisema katika utumishi wake wote hajawahi kukaribishwa kwa furaha ya namna ile. Kabla mwezi haujaisha tukaletewa jokofu la chanjo ambalo tulikuwa tumeliomba mpaka tukaona aibu kuliomba. Tangu hapo mgeni yeyote mwenye madaraka hupokelewa na Bi Mwanvita, na mganga mfawidhi wetu, Dk. Jesca, husimama nyuma akihesabu mahitaji ya kituo kimoyomoyo.

Mwenyewe hakuchekeshwa na jambo hilo. Mtu wa lishe huamini kwamba kila kitu kina mlango, na mlango ni mdomo. Akajiambia kwamba kama mikono inatetemeka, basi kuna kitu kimeliwa, au hakijaliwa, na kazi yake ni kukipata. Na kwa kuwa ni mtu wa kupima, akabuni kipimo. Kila asubuhi alijaza jagi la maji hadi ukingoni kwenye bomba la getini, akalibeba mpaka kwenye ubao wa matangazo, na yale yaliyofika salama ndiyo yaliyokuwa majibu ya chakula cha jana.

Maji yaliyobaki njiani yalibaki njiani. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakufika Mkumbulu. Hapa yalimwagika njia ile ile kila asubuhi, na baada ya majuma kadhaa ukaota mchicha, mstari mmoja wa kijani kutoka bombani hadi ubaoni, umepinda kidogo pale penye jiwe. Mlinzi wetu Stefano anaapa kwamba ulikuwa muujiza. Ni Stefano huyo huyo aliyekuwa anatembea na mbegu mfukoni. Tukawa tunauchuma kila Ijumaa, tunaupika jikoni kwa nazi na nyanya, na nasema kweli tupu, sijala mchicha wa namna ile tena.

Kitu cha kwanza kushtakiwa kilikuwa kahawa. Bi Mwanvita alikuwa mnywaji haswa, kahawa ya huku huku milimani, nyeusi, kali, kikombe juu ya kikombe kabla hajatia kingine chochote tumboni. Dk. Jesca alimketisha akamweleza taratibu kwamba mtetemo wa aina yake aghalabu ni wa kurithi, chakula hakikuuleta na chakula hakitauondoa, ila vipo vitu vinavyouchochea: kahawa na chai kali, njaa, uchovu, na wasiwasi. Bi Mwanvita alisikia neno kahawa tu, mengine akayaacha mezani kwa daktari. Kesho yake kahawa ikapigwa marufuku kituo kizima, kwa hoja kwamba hawezi kujipima vizuri kama sisi wengine tunaendelea kumnusisha.

Dereva wetu Hafidhi akaanza kuficha chupa yake ya kahawa ndani ya gari la wagonjwa. Gari likanukia vizuri kupita kiasi. Watu wenye mafua wakawa wanaomba rufaa ya kwenda mjini, wanapakiwa, wanafika stendi ya Msamvu, wanasema wamepata nafuu, wanarudi. Dk. Jesca alishangaa kwa muda mrefu jinsi hewa ya barabarani inavyoponya watu wa Matombo.

Na lililo gumu kukubali ni kwamba kuacha kahawa kulisaidia. Si kupona, ila jagi lilianza kufika likiwa limejaa zaidi, na saini yake ikaanza kusomeka, mpaka benki wakamrudishia fomu wakidai si yake. Tungefurahi, lakini mchicha ulianza kukauka. Ulianzia karibu na bomba, ukaendelea kuelekea ubaoni, na watumishi ambao walikuwa wakimwombea dua apone wakagawanyika. Wajumbe walitumwa ofisini kwake, wakamwamkia vizuri, shikamoo, habari za nyumbani, wakazunguka mbuyu mpaka wakachoka, kisha wakamwomba, kwa maslahi mapana ya kituo, anywe japo kikombe kimoja cha kahawa asubuhi. Bi Mwanvita aliwauliza kama wao ni binadamu au viwavi. Stefano alilazimika kutafuta ndoo ya kumwagilia, mchicha ukarudi, lakini wote tuliona umepoteza ladha.

Baada ya kahawa likaja suala la njaa. Alikuwa amegundua kwamba siku anayokuja kazini bila kula, jagi hufika nusu. Basi akaanza kula mapema, ndizi za kuchemsha, magimbi, yai likipatikana, na akaona tofauti. Kama ilivyo kawaida yake, hakuweza kuona tofauti peke yake. Akatangaza kwamba hakuna mtumishi kutia saini kitu chochote kabla ya kifungua kinywa, na yeye mwenyewe akapita ofisi kwa ofisi na sufuria. Barua za kituo chetu zikawa zinafika wilayani zikiwa na alama za vidole vya magimbi, na vikao vya asubuhi ambavyo zamani vilikuwa vya kurushiana maneno vikawa vya kupiga miayo.

Watu wakasikia. Kila aliyepanda mlima akaja na dawa yake: mdalasini, pilipili manga, tangawizi, asali ya nyuki wadogo, na supu ya pweza aliyekuja kwa basi kutoka Dar akiwa ameshaisahau bahari. Vyote alivila, vyote akavipima, na vyote vikashindwa na jagi. Mama yake mzazi, Bi Mwanaheri, ambaye umri wake hautaji na mikono yake hutetemeka kumpita binti, alikuwa na maelezo mengine. Ukoo wao una nyama wasiyokula, mwiko wa tangu mababu, na bibi huyo alishikilia kwamba Mwanvita aliila shule ya bweni. Alipoulizwa basi yeye mwenyewe alikula nini hata akatetemeka, alijibu kwamba hakula kitu, ila alimzaa aliyekula.

Nisije nikaonekana nacheka tu. Kati ya yote aliyotenda Bi Mwanvita, lipo moja ninalompendea kuliko jokofu la chanjo. Alikuja mzee mmoja wa Tawa, mikono inamtetemeka hata akiwa amekaa kimya, mwili umekakamaa, anatumia vidonge vya ugonjwa wa Parkinson na analalamika kwamba siku nyingine vinamsaidia na siku nyingine ni kama amemeza chaki. Alikuwa amesikia habari za jagi, akataka naye aachishwe kahawa. Bi Mwanvita alimkatalia. Alimwambia mtetemo si mmoja, wake ni wake na wa mzee ni wa mzee, kisha akamuuliza huwa anavimeza na nini. Mzee akasema anavimeza katikati ya sahani ya maharage ili visimkere tumboni. Bi Mwanvita akamshika mkono, wakaenda wote wawili wakitetemeka mpaka kwa Dk. Jesca, ambaye alieleza kwamba vyakula kama maharage na nyama vinaweza kuizuia dawa ile isifanye kazi yake vizuri vikikutana nayo tumboni, akampangia saa za dawa na saa za mlo. Mzee alirudi baada ya majuma kadhaa amefunga vifungo vya shati lake mwenyewe, vyote, na kimoja tu kilikuwa kimekosea tundu. Maharage hakunyimwa. Majirani zake walipotaka kuiga kwa kuacha maharage kabisa, Bi Mwanvita alipanda Tawa kwenda kuwagombeza uso kwa uso.

Tangu siku ile aliacha kutafuta chakula cha kumponya. Alibaki na yale yanayompunguzia, kifungua kinywa na kahawa kwa mbali sana, na mengine akayavumilia. Ila jambo moja hakulivumilia kamwe, nalo ndilo lililotaka kutuharibia sherehe.

Asiyejua desturi ya Mkumbulu aelewe hivi. Mtu anayestaafu hapa humimina chai kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kwenye birika kubwa la jikoni, kikombe kwa kikombe, akianzia na mzazi wake kama yu hai na kumalizia na anayemrithi ofisi. Chai hiyo ndiyo radhi. Ukishaipokea, kama mlikoseana mmesameheana. Anayeondoka bila kumimina, basi husemwa kwamba ameondoka na kinyongo, na maneno hayo humfuata mpaka kijijini.

Bi Mwanvita hajammiminia mtu chai kwa miaka mingi. Nyumbani kwao yeye na mama yake hunywa wakiwa wamepeana migongo, kila mmoja asimwone mwenzake akimwaga, na wajukuu ndio wanaoshika birika. Miezi hii ya mwisho alijinyima kama mwali: kahawa hata harufu hakutaka, chai hakuigusa, ndizi asubuhi, kulala mapema. Mikono ikatulia kiasi. Lakini wasiwasi haupunguzwi na ndizi, na birika letu ni zito.

Mimi nami nikafanya kazi yangu ya mtani. Nilitangaza kwamba nitakuja na koti la mvua na mabuti, na kwamba kila tone litakalomwagika nitalidai jogoo. Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote. Halafu Hafidhi akaja maabara, ofisini kwangu, kuniambia kwa sauti ya chini kwamba Bi Mwanvita amemtuma akamkatie tiketi Msamvu, basi la alfajiri la kwenda Dodoma kwa binti yake, tarehe 30 Juni. Alikuwa anataka kuitoroka sherehe yake mwenyewe.

Niliumia jamani. Nilimfuata ofisini, akanieleza bila kuficha. Alisema ni afadhali akumbukwe kwa uji wa watoto kuliko kuwa yule mama aliyemwunguza Mganga Mkuu wa Wilaya. Kisha akasema lililo zito zaidi, kwamba kitu anachokiogopa duniani ni kummwagia chai mama yake mbele ya watu, kwa sababu bibi yule ataona alichomrithisha. Na mtani akibanwa hachomoki kwa upole, huongeza kuni. Nikamtuma Hafidhi akamlete Bi Mwanaheri kwenye mazoezi ya sherehe.

Alifika Ijumaa iliyopita, amefungwa kwa kanga nyuma ya bodaboda kama mzigo wa thamani. Hakusubiri kukaribishwa. Aliketi kiti cha mbele, akachukua kikombe na kisahani chake, akavinyoosha, vikaanza kulia kama kengele ya shule. Akatangaza kwamba hakushuka mlima wote ule kuja kutazamwa, amekuja kunywa chai ya mwanawe, na safari hii anataka kuinywa akimwona uso. Bi Mwanvita alinitazama kwa jicho ambalo mtani halisahau. Mimi nikatazama dari.

Akanyanyua birika. Birika likatetemeka, kikombe kikatetemeka, Stefano akasogeza tambara la kudekia, na sisi wengine tukafumba macho. Tukasikia chai ikishuka. Tukasubiri kelele, hatukuzisikia. Nilipofumbua, mdomo wa birika ulikuwa ukienda kushoto na kikombe kinaenda kushoto, birika kulia na kikombe kulia, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Kikombe kilijaa. Kisahani kilikuwa kikavu. Bi Mwanaheri alikitazama kisahani kile, akamtazama binti yake, akasema kwamba miaka yote hii wamepeana migongo bure. Bi Mwanvita aliliweka birika chini akalia, na mama yake akamwambia aache kulia, chai inapoa.

Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Mimi ni mtu wa maabara, kazi yangu ni darubini na vioo, na katika wilaya hii hakuna mkono uliotulia kama wangu. Nikanyoosha kikombe, nikakituliza kama jiwe la mafiga. Chai ikapita kushoto kwake, ikapita kulia kwake, ikaingia kwenye mkono wa koti langu jeupe, ikashuka hadi kwenye kiatu. Koti la mvua nilikuwa nimeliacha nyumbani. Bi Mwanaheri alicheka mpaka akashikiliwa, akanieleza kwamba kosa ni langu, mwenzangu anakuja na mimi nimesimama tu kama nguzo ya umeme. Aliyenifuata ni Allen, afisa lishe mpya anayekabidhiwa ofisi, kijana mpole aliyekuwa ameogopa kiasi cha kuliamkia birika. Alikuwa anatetemeka kwa hofu kuanzia magotini, na kikombe chake kilijaa bila tone kuanguka.

Tumeelewa. Kwa hiyo kamati inawatangazia wageni wote waalikwa, wakiwemo viongozi wa wilaya, utaratibu wa Jumatatu. Bi Mwanvita atakuja ameshiba ndizi na magimbi, hajagusa kahawa, amelala vizuri. Ninyi mnaombwa mje na njaa. Kahawa kali itatolewa getini kuanzia asubuhi, marufuku yake imeondolewa kwa siku hiyo moja, na asiyetetemeka baada ya kikombe cha kwanza ataongezwa cha pili. Yeye atashuka kidogo, sisi tutapanda kidogo, tutakutana katikati. Birika likikufikia, tafadhali usitulie.

Bi Mwanvita, kituo kizima kinakushukuru, na watoto uliowalisha wanakushukuru hata wale waliolishwa shavuni. Hafidhi ameibadilisha tiketi yako iwe ya Jumatano, na iwe ya watu wawili, wewe na mama, viti vinavyotazamana kama vitapatikana. Mwenyezi Mungu akujalie siku njema na ndefu, afya, na asubuhi zenye chakula. Kama nilikukosea nimiminie, maana nitakuwa wa kwanza baada ya mama kwenye mstari. Sitakuja na koti la mvua, na tangu Jumamosi ninakunywa kahawa.

Maimuna Mloka
Maabara, na mtani